Njaa kijijini kila Januari: tuna milioni nne za mchango, tuziweke wapi?

Mtoto wa Chamwino
Wakuu habarini. Tuna kagrupu ka WhatsApp ka watu wa kijiji kimoja huko Chamwino, Dodoma, wengi tuko Dar. Kila ikifika Januari simu zinaanza, mjomba hana kitu, shangazi kauza mbuzi wa mwisho, basi tunachanga tunanunua mahindi tunapakia kwenye fuso, yanaliwa yanaisha, mwakani yaleyale. Safari hii tumesema hela iende kwenye kitu cha kudumu. Tuna kama milioni nne. Wengine wanataka kisima na pampu ya sola, wengine tugawe mbegu za mahindi za kisasa. Mvua ya kule mnaijua, inaanza Desemba vizuri afu inakata wiki tatu, mahindi yanajikunja wakati ndo yanatoa mbelewele. Mwenye uzoefu na maeneo makavu anipe mwanga, siasa tuweke pembeni.

Jembe Halimtupi
Milioni nne ya kisima Dodoma utaishia njiani mkuu, maji mengi yako chini sana na mengine ukiyafikia yana chumvi. Afu hata ukiyapata utamwagilia eka ngapi?

Dodoma inapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, siyo jangwa. Shida inashuka kwa fujo siku chache, ardhi imekauka imekuwa kama sakafu, maji yote yanakimbilia korongoni. Kazi ni kuyazuia yaingie chini pale yanapoangukia. Hapohapo Dodoma kuna kijiji kinaitwa Chololo, mashimo yao yanajulikana mbali: upana kama sentimita 20, kina 30, shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari 90, unatia samadi unapanda humo. Mvua ikikata, mmea unaendelea kunywa kilichobaki shimoni. Ila nisikudanganye, kwa vipimo hivyo eka moja inakula mashimo zaidi ya 7,000 na udongo wa kiangazi unajua ulivyo. Anza na nusu eka kwa kaya, na sehemu ya hela ilipe vijana wachimbie wazee na wajane.

Na mahindi waachane nayo, au wapande kidogo tu ya kuchoma. Mtama wa Macia ni mfupi, unakomaa mapema, mweupe, unga wake hauna ule uchungu.

Kiazi Kitamu
Nyie mnaosema mtama mmewahi kuamia ndege? Kwelea kwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, sasa kundi la milioni moja piga hesabu mwenyewe, tani 10 zimeondoka kabla ya jioni. Watoto wanaacha shule wanashinda shambani na kombeo. Ndo maana watu wanang'ang'ania mahindi, siyo ujinga.

Jembe Halimtupi
Kweli kabisa, hilo sibishi. Kinachosaidia ni kijiji kizima kupanda kwa pamoja, ukiwahi peke yako wanakumaliza wewe. Na kwelea kwelea wakionekana wamelala mahali toeni taarifa kwa afisa ugani mapema, ndege ya serikali ya kunyunyizia sumu ipo ila haiji kwa mtu mmoja kulalamika.

Mama Alizeti
Naona wote mnaongelea shamba. Mimi nanunua mazao huko Dodoma, niwaambie ninachokiona: mwezi wa sita watu WANA chakula. Wanauza wenyewe, kwa bei ya kutupa, kwasababu kuna deni la dukani, sare za shule, harusi. Januari wananunua gunia lilelile kwa bei mara mbili na zaidi, na anayewauzia ni sisi wachuuzi (ndiyo, nami nimo).

Kwahiyo mkuu, toa sehemu iwe mtaji wa VICOBA, vile vikundi vya kijijini vya kuweka na kukopa. Mtu akopeshwe hela kidogo mwezi wa sita gunia lake libaki ndani, alipe akiuza bei ikipanda. Nyingine nunua mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu, ukiifunga vizuri dumuzi, yule mdudu wa nafaka, anakosa hewa anakufa bila dawa. Lakini nafaka iwe imekauka kwelikweli. 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, siyo mchezo. Kipimo rahisi, tia nafaka na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, iache kama robo saa, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa rudisha juani.

Mtoto wa Chamwino
Aisee. Hili la kuuza mwezi wa sita hatujawahi hata kuligusa kwenye grupu, tunabishana kisima tu. Sasa Mama Alizeti, mkopo asirudishe je? Wale ni ndugu zetu, nani atamdai mjomba?

Mama Alizeti
Nyie msimdai, ndo mtaharibu. Hela ikijulikana ya watoto wa Dar hairudi. Wape kikundi ambacho tayari kinaweka hisa zao, wenyewe wanajuana, na gunia likae stoo ya kikundi kwa funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Na msitoe zote, anzeni na kaya chache mwone Januari nani bado ana gunia.

Kiazi Kitamu
Funguo tatu 😂 hapo umeongea. Na mwenye funguo asiwe mwenyekiti wa kitongoji.