Mjadala: New York iondoe kikomo cha vibali vya mikokoteni ya chakula? Mimi nasema ndiyo, ila sahani ya dola 8 msiingoje

Mwanzisha mada, Queens

Wakuu, heshima kwenu. Naleta mada hii kwa sababu wengi wetu huku tunaunga mkono jambo zuri kwa hoja dhaifu, na hoja ikianguka jambo lenyewe litaanguka nayo.

Kwa walio mbali: mkokoteni wa halali ni kile kibanda cha chuma chenye magurudumu kinachosimama pembeni mwa barabara, chenye bamba la moto, mtungi wa gesi na mwavuli. Kuku anakatwakatwa mbele yako, anarushwa juu ya wali wa manjano, pembeni letasi na nyanya, halafu sosi nyeupe kwa wingi na ile nyekundu kwa tahadhari. Wapishi wengi ni Wamisri, Wabangladeshi na Waafghani. Chakula hiki kilishika mizizi kupitia madereva wa teksi. Wale Wamisri wa kona ya Mtaa wa 53 na Sixth Avenue walianza mwaka 1990 wakiuza hot dog, wakaona madereva Waislamu wanazunguka usiku kucha bila chakula cha kueleweka, wakahamia kuku na wali. Leo The Halal Guys ni jina lenye matawi nchi kadhaa.

Sasa penye ubishi. Mwezi Januari 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala ambaye sasa ndiye meya wetu, alitoa video akiwauliza wauzaji kwa nini sahani imefika dola 10. Wakamjibu: kibali. Jiji linatoza dola mia chache tu, lakini wao wanakikodi kwa mtu binafsi kwa maelfu ya dola. Kuna aliyetaja 22,000. Tungekipata wenyewe, wakasema, tungeuza dola 8.

Chanzo cha yote ni uamuzi wa mwaka 1983, enzi za meya Ed Koch. Vibali viliwekewa kikomo cha karibu 3,000 kwa jiji ambalo leo lina watu zaidi ya milioni 8. Aliyekipata wakati huo anakihuisha kila baada ya miaka miwili, anakaa nyumbani kwake, anapokea kodi. Anayesimama kwenye barafu ni mwingine. Mimi nataka kikomo kiondoke, sina kigugumizi katika hilo.

Lakini pigeni hesabu. Tuseme hiyo 22,000 ni ya mwaka mmoja, na mkokoteni unafanya kazi siku 300. Ni dola 73 kwa siku. Ukiuza sahani 100, kila moja imebeba senti 73. Na kama fedha hiyo ni ya miaka miwili, kama wengi wanavyokodi, ni senti 37 tu. Hizo dola 2 za kushusha bei zinatoka wapi? Kuku amepanda, mafuta yamepanda, gesi imepanda. Mwaka kikomo kitakapoondoka na sahani ikabaki dola 10, wapinzani watasema: si tuliwaambia?

Karibuni, tusitukanane.

Dada wa Jersey City

Mkuu, hesabu yako ni ya mtu anayekula kwenye mkokoteni. Aliyesimama nyuma yake angekuuliza: sahani 100 kila siku, umezihesabu wapi? Mume wangu amefanya kazi hiyo. Kona nzuri ya Midtown, katikati ya Manhattan penye maofisi, mwezi Juni, sawa, hata zaidi ya hizo. Februari, mvua ya barafu, watu wanafanyia kazi nyumbani siku ya Ijumaa, unauza 40 ukishukuru Mungu. Gawanya dola 73 kwa 40 uone. Unakaribia hizo dola 2 unazozikataa.

Halafu umehesabu kodi ya kibali peke yake. Mkokoteni haulazwi barazani kwako. Sheria inataka kila siku urudi kwenye gereji maalumu ukaoshwe, na gereji ni pesa, na wa kuuvuta asubuhi ni pesa. Na faini. Umesogea futi chache karibu na kivuko cha watembea kwa miguu, umepigwa tiketi. Na kodi yenyewe watu wanaidai kwa mkupuo, taslimu, kwa hiyo umekopa kwa jamaa kabla hujauza hata soda.

Mwanzisha mada

Hoja ya Februari naipokea. Lakini dada, gereji na faini haziondoki kwa kuondoa kikomo. Ndiyo maana nasema tusiahidi bei.

Mtu wa Ilala

Wakuu wa Marekani, hebu tuwape mfano wetu, maana sisi tulijaribu kinyume chake kabisa. Desemba 2018 Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kwa kila mmoja, na maelfu kwa maelfu wakapewa. Hakuna aliyekuwa na haja ya kukodi kitambulisho cha mwenzake kwa mamilioni. Biashara ya ulanguzi ikafa kabla haijazaliwa. Lakini barabara nazo zikajaa. Mpaka mwaka 2021, baada yake, wamachinga wakaondolewa kando ya barabara za Dar, vibanda vikabomolewa, na kitambulisho hakikumkinga mtu. Swali langu kwa mleta mada: mkiondoa kikomo, mtu atapewa kibali tu au atapewa na mahali pa kusimama? Kwetu tulipewa karatasi, mahali hatukupewa.

Mama wa mgahawa, Bronx

Naandika kama mwenye mgahawa, na najua nitapigwa mawe. Mimi nalipa pango kila tarehe moja, wateja wawepo wasiwepo. Nalipa umeme, bima, taka. Nina mfanyakazi mwenye watoto. Mkokoteni unasimama mbele ya kioo changu, unauza wali na kuku uleule ninaouza mimi, kwa nusu ya bei yangu. Nikilalamika naambiwa sina huruma kwa wahamiaji wenzangu. Jamani, na mimi nilikuja na sanduku moja.

Tena msidhani mikokoteni ikiwa 3,000 mingine ndiyo yote itakwenda kwenye kona tupu. Itakwenda palepale penye watu, Fordham Road, Roosevelt Avenue, Flushing. Anayeteremka kwenye treni hapo ataruka juu ya nani?

Mchumi wa mtaani, Columbus

Mama wa mgahawa amegusa jambo ambalo mleta mada amelipita. Bei haishuki kwa sababu muuzaji amepunguziwa gharama. Muuzaji si sadaka. Bei inashuka pale wa pili anaposimama ng'ambo ya barabara na kuuza dola 9. Kwa hiyo kikomo kikiondoka kweli, sahani itashuka, lakini itashuka kwa kumbana yule yule tunayedai kumtetea. Anayekodi leo analipa mwenye kibali. Kesho hatalipa, ila atagawana wateja. Chagueni mnachotaka: sahani rahisi au muuzaji mwenye nafuu. Vyote viwili kwa pamoja sivioni.

Abu wa Kisauni

Assalaam alaykum. Nyote mwazungumza dola, hakuna aliyegusa nyama. Mikokoteni ikiongezeka, nani atakayejua kilichomo? Ile herufi A kwenye kioo, iliyoanza kubandikwa kwenye mikokoteni mwishoni mwa 2018, ni ya afya: joto la nyama, maji ya kunawa, panya. Mkaguzi wa jiji haulizi kuku kachinjwaje. Kachinjwa kwa mkono au kwa mashine, huo ni mjadala wa wenyewe Waislamu, na wengi wetu huona neno "halal" kwa maandishi ya kijani tukala.

Mimi hula, sikatazi mtu. Bi Aisha asimulia watu walivyomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu nyama wasiyojua kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu, akawaambia watajeni wao wenyewe wale. Lakini muulize mwenye mkokoteni kuku wake watoka wapi. Mwenye kuchinjiwa vizuri hukwambia kwa furaha, tena akutajie na duka.

Mwanzisha mada

Nawajibu kwa pamoja, sitayamaliza yote.

Mtu wa Ilala, swali lako ndilo gumu kuliko yote hapa. New York haimpi mtu kona. Kibali ni ruhusa ya mkokoteni, na kona ni ya aliyewahi, au ya aliyeizoea na ambaye wenzake wanamheshimu. Nyongeza ya vibali bila mpango wa mahali itazaa ugomvi, nakubali.

Watu pia wanachanganya leseni na kibali. Leseni ni ya mtu, ile kadi yenye picha anayovaa shingoni baada ya kusoma usafi wa chakula. Hiyo kila mmoja anaweza kuiomba. Kilichofungwa ni kibali cha mkokoteni. Sheria namba 18 ya mwaka 2021 ndiyo iliyoanza kufungua mlango: iliweka leseni za usimamizi 445 kila mwaka kwa miaka kumi, ambazo mwenye nazo hupata na kibali cha mkokoteni, na sharti lake ni kwamba mwenye leseni hiyo lazima awepo kwenye mkokoteni wakati wa kazi. Hapo ndipo moyo wangu ulipo, kuliko kwenye hesabu ya senti. Mtu wa kukaa nyumbani Florida akipokea kodi hana nafasi katika utaratibu huo. Kasoro yake ni mwendo: ofisi zilichelewa kuzitoa, na 445 kwa mwaka zilikuwa tone.

Mchumi, huenda una haki juu ya ushindani. Lakini anayebanwa na mshindani anaweza kuhamia kona nyingine. Anayebanwa na mwenye kibali akihama anaacha kazi. Tena hawezi kumshitaki, kwa sababu mkataba wenyewe ni wa magendo.

Mama wa mgahawa, Bronx

Sijasikia jibu langu.

Mwanzisha mada

Samahani, dada mkubwa. Pango lako sina jibu nalo, na nadhani mwenye nyumba wako ndiye anayekula faida yako kuliko kijana wa mkokoteni. Ila la mlangoni lina sheria tayari: mkokoteni hauruhusiwi ndani ya futi 20 za mlango wa kuingilia, na uwe angalau futi 10 kutoka kivukoni. Pima kwa utepe. Ukiwa ndani ya hapo, zungumza naye kwanza, wengi husogea. Asiposogea piga 311, namba ya malalamiko ya jiji.

Mama wa mgahawa, Bronx

Nimepima. Ni futi 23.