Tupeane uzoefu: kitu gani kipya umejaribu katika maisha ya kila siku, na umefanyaje kujaribu kukawa mazoea?

Mwanzisha uzi
Wakuu, salamu. Mada hii nimekaa nayo moyoni muda mrefu. Tunaamka saa ile ile, tunapita njia ile ile, tunakaa kiti kile kile, tunaongea na watu wale wale. Mwaka ukiisha tunashangaa umekwenda wapi. Naamini unapotea kirahisi kwa sababu siku zake zinafanana mno, akili haina pa kuzishikia.

Sitaki visa vya safari za mbali wala vitu vya gharama. Nataka mambo madogo ambayo mtu anaweza kuyafanya na bado akawahi kazini. Tuambie ulijaribu nini, nini kilikuzuia mwanzoni, na nini kilikufanya uendelee.

Naanza mimi. Kila ninapokwenda maktaba naazima kitabu kimoja kutoka rafu ambayo sijawahi kuisogelea. Sichagui sana, nanyoosha mkono tu. Safari moja nikatoka na kitabu cha nyuki. Humo nikakuta habari za Karl von Frisch, aliyegundua kwamba nyuki akirudi mzingani hucheza, na mchezo wake huwaonyesha wenzake maua yako upande gani na umbali gani. Kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Nikasimulia kazini, na mwenzangu ambaye tumekaa naye meza jirani miaka yote akasema: "Mimi nafuga nyuki." Sikuwahi kujua! Siku hizi tuna mazungumzo ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Vingine vilinichosha nikavirudisha bila kuvimaliza, na wala sioni kama nilipoteza kitu.

Mama wa watatu
Asante kwa mada. Kwangu ilianzia mezani. Mtoto wangu wa mwisho alikataa kila chakula asichokijua. Nikaelezwa kliniki kwamba ni kawaida, watoto wengi wanahitaji kuonja kitu mara kumi au zaidi kabla ya kukikubali, na kwamba kumlazimisha kunazidisha ukaidi. Nikawa naweka kipande kidogo pembeni ya sahani, simsemeshi. Akikigusa, sawa. Asipokigusa, sawa.

Siku moja dada yake akaniuliza: "Na wewe mama, mbona kile hukili?" Kweli, kulikuwa na vyakula nilivyovikataa nikiwa mdogo na sikuwahi kuvirudia. Nikaanza kuonja mbele yao. Kimoja nakipenda sana sasa, kingine bado hapana, na watoto wanaona kwamba mama naye anakunja uso lakini anaonja. Huyo mdogo amebadilika kuliko nilivyotarajia. Kuna siku anaomba mwenyewe aonje cha kwangu.

Dereva wa zamani
Njia. Barabara niliyoizoea ilifungwa kwa matengenezo, nikalazimika kuzunguka. Ile ya kuzunguka ikawa fupi zaidi! Miaka yote nilikuwa nayo karibu na sikuijua.

Sikuwa peke yangu. Februari 2014 kulikuwa na mgomo wa siku mbili kwenye treni za chini ya ardhi London, na vituo vingi vikafungwa. Watafiti walifuatilia kadi za abiria wakakuta kwamba baada ya mgomo, karibu watu 5 katika kila 100 hawakurudi kwenye njia zao za zamani. Walikuwa wamepata iliyo bora, na bila kulazimishwa wasingeitafuta. Tangu nisome hilo sisubiri tena barabara ifungwe. Siku nisiyo na haraka, nakata kona nisiyoijua.

Kimya kingi
Kubadilisha kiti kwenye vikao vya ofisini. Ukikaa upande mwingine unawaona watu usoni, na wanaanza kukuuliza maoni. Basi, ndilo langu.

Mpenda utulivu
Naomba nipingane kidogo, kwa heshima. Mimi ratiba ndiyo inayonishika. Nilipitia kipindi kigumu cha wasiwasi, na kilichonisimamisha ni kuamka saa moja ile ile, kutembea njia ile ile, kulala saa ile ile. Mtu akiniambia "toka kwenye mazoea yako" nasikia kama ananivunjia nyumba. Si kila anayependa yaleyale ni mwoga au mvivu.

Mwanzisha uzi
Mkuu, umesema jambo zito na nakushukuru. Wanasaikolojia wanauhesabu uwazi kwa mambo mapya kuwa moja ya tabia kuu tano za utu, na watu hawalingani katika hilo, kama wasivyolingana kwa upole au uchangamfu. Ningekuwa mimi, ratiba hiyo nisingeigusa. Ningeweka kitu kimoja kidogo ndani yake: njia ile ile ya matembezi, lakini leo nasikiliza ndege tu, kesho naangalia milango ya nyumba. Mambo mengine yote yanabaki yalivyo.

Mpenda utulivu
Hiyo ya ndege naiweza.

Mstaafu
Wanangu, nimesoma yote kwa furaha. Nami nitoe langu.

Nilistaafu nikiwa sijui kuogelea. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kukaa ukingoni na kushika nguo za wengine. Kilichonizuia, kwanza ni woga wa maji, na cha pili ni aibu, maana darasa la wanaoanza limejaa watoto. Hicho cha pili ndicho kilikuwa kizito zaidi. Nilikwenda mara ya kwanza kuangalia tu. Mwalimu akanifuata akaniambia nikae kwenye ngazi, maji yanifike kiunoni, nisifanye kingine chochote.

Baadaye nikafundishwa kupuliza pumzi chini ya maji. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mwili unakataa kabisa! Unajua kichwani kwamba kina ni kifupi na ukisimama kichwa kinatoka nje, lakini kifua hakisikii. Kilichonisaidia ni kuhesabu polepole wakati wa kutoa pumzi. Mtoto mmoja mdogo aliyekuwa jirani yangu akanielekeza nitazame chini badala ya mbele, kwa sababu ukiinua kichwa miguu inazama. Alikuwa sahihi. Siku nilipoelea bila kushikwa nililia, na sioni haya kulisema.

Niliendelea kwa sababu nililiunganisha na jambo nililokuwa nalifanya tayari. Nikishampeleka mjukuu shule, sirudi nyumbani, napita bwawani. Ningerudi nyumbani kwanza, nisingetoka tena.

Kwa wenye umri wangu: mwaka 2014 Denise Park na wenzake walitoa utafiti wa watu wa miaka 60 hadi 90. Kundi moja lilijifunza kupiga picha za kidijitali, jingine kushona mablanketi ya viraka, wengine vyote viwili, kama saa 15 kwa wiki kwa miezi mitatu. Kumbukumbu zao ziliimarika kuliko za waliokutana tu kupiga soga na kutembezwa. Kujifunza jambo gumu kulikuwa na faida ambayo kukaa pamoja peke yake hakukuwa nayo. Soga naipenda, lakini naona si mbadala.

Mgeni humu
Mzee wangu, hongera sana. Mimi naanza vizuri, nikikosa siku moja naacha kabisa. Mnafanyaje?

Mtu wa mapokezi
Dada, swali lako nilikuwa nalo. Kuna utafiti wa University College London uliochapishwa 2010, ulifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea kama kunywa maji na chakula au kutembea baada ya kula. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuja lenyewe bila kujisukuma, ila tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. La kukutia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Niongeze na hili: kinachotakiwa kuwa mazoea ni kule kujaribu. Kitu chenyewe kinaweza kubadilika kila mara. Usijifunge na gitaa miaka miwili kama gitaa halikupendi. Linda ile saa yako ya kujaribu, ndani yake weka utakacho.

Langu: nilijifunza salamu kwa lugha ya alama, kwa sababu baadhi ya wanaofika kwenye dirisha langu ni viziwi na tulikuwa tunaandikiana vikaratasi. Kwanza nilijifunza kwa video, kumbe zilikuwa za nchi nyingine, na nchi nyingi zina lugha zao za alama. Mteja mmoja akanirekebisha vidole vyangu pale pale dirishani, foleni ikisubiri. Tangu hapo kila akija ananifundisha neno moja. Watu wa kwenye foleni nao wameanza kuuliza: hilo linamaanisha nini?

Mgeni humu
Nimeelewa, asanteni. Basi nasema hapa hapa mnishuhudie: Alhamisi nikitoka kazini napitia mazoezi ya kwaya, ni jengo lile lile ninalopanda usafiri. Nimesikia wakiimba pale muda mrefu na kila mara napita. Asiyejua kusoma noti wanampokea?

Kimya kingi
Wanakupokea. Kwenye kwaya yetu wengi hatusomi noti, mwalimu anaimba sauti yako nawe unarudia. Fika kabla hawajaanza, wakusikilize kwanza wajue wakuweke sauti ipi. Na beba maji ya kunywa.