Nimepewa sadaka ya dola mbili na mtu aliyekula biriani nyumbani kwangu

Mjukuu wa Ngamiani:

Wanajukwaa, habari za Jumamosi. Ninaandika nikiwa hata viatu sijavua, chupa ya maji niliyopewa imesimama mezani mbele yangu bila kufunguliwa, na hasira nilizonazo zimenifanya niifute sentensi hii mara nne. Leo, saa sita kasorobo mchana, katika kona moja ya El Cajon Boulevard, mbele ya macho ya wakazi wote wa San Diego, California, wapatao milioni moja na laki kadhaa, nimepewa sadaka. Sikulipwa deni, sikutunzwa, sikukopeshwa. Nimepewa sadaka ya dola mbili, na aliyenipa ni yule bwana.

Jina sitalitaja kwa sababu hamlihitaji. Ni yule mwenye pikapu nyeupe na tai ya kijani, ambaye haijapata kutokea harusi, hitima wala ubatizo wa Waswahili kuanzia City Heights hadi Chula Vista asishike kipaza sauti. Ni yuleyule ambaye Idi iliyopita alikula biriani kwangu sahani mbili, akafungiwa ya tatu, kisha akanishika bega mbele ya wageni na kutangaza kwamba mimi ni mdogo wake wa Ulaya na kwamba mlango wake uko wazi kwangu siku zote. Leo nimethibitisha kuwa uko wazi kweli, maana aliufungua nusu ili mkono wenye dola mbili unifikie vizuri.

Kwa wale wasionifahamu, mimi nilizaliwa Tanga, nikapelekwa Bremen nikiwa na miaka saba, nikakaa huko miaka thelathini na miwili hadi nikapata pasi ya Kijerumani na tabia zake zote, kisha miezi minane iliyopita kazi ikanileta hapa. Huko Ujerumani utaratibu ulianza mwaka 2003, na siku hizi karibu kila kopo na kila chupa ya plastiki ya kutumika mara moja unainunua pamoja na senti 25 za euro ambazo unarudishiwa ukirudisha chombo. Jumamosi asubuhi utamkuta profesa, imamu na bibi wa miaka themanini wamepanga foleni mbele ya mashine ndani ya duka, kila mmoja na kiroba chake cha chupa tupu, na hakuna anayemtazama mwenzake vibaya. Hata bibi yangu wa Ngamiani, kule Tanga, hakukuuzia soda usipokuja na chupa tupu, ulikuwa mjukuu wake au mtoto wa mkuu wa mkoa. Kwa hiyo kurudisha chupa kwangu ni sheria ya kuumeni na kukeni.

California nayo ina utaratibu wake, senti 5 kwa chombo kidogo na senti 10 kwa chenye ujazo wa wakia 24 na kuendelea. Nilichokuwa sijaambiwa na yeyote, pamoja na makaribisho yote ya mlango wazi, ni kwamba hapa wengi wenye magari hutupa makopo yao kwenye pipa lililo mbele ya nyumba, na anayetembea barabarani na kiroba cha makopo begani mara nyingi ni mtu anayelala nje. Nilikuwa na makopo 48 ya mwezi mzima. Nilikuwa ninatembea kwa sababu leseni yangu ya Ujerumani, niliyoendeshea miaka kumi na tisa bila kumgusa hata kuku, California haiibadilishi, na mtihani wa kuendesha ni Jumanne ijayo. Nilikuwa nimevaa koti lenye kofia kwa sababu hili jua la mwaka mzima tunaloonewa wivu na ndugu zetu huwa likizo mwezi Juni, wingu zito linapanda kutoka baharini na kukaa juu yetu hadi mchana. Nilikuwa nimevaa sandali pamoja na soksi, na hilo ninalikiri mapema ili lisije likageuzwa kuwa mjadala.

Basi nikafika kwenye taa za barabarani. Taa ya waenda kwa miguu ilikuwa nyekundu, gari hakuna kulia wala kushoto, nami nikasimama kuisubiri, kwa sababu kule nilikokulia mtu mzima havuki taa nyekundu watoto wakimwona. Pikapu ikaja polepole, ikasimama. Nikatabasamu, nikajua mdogo wake wa Ulaya amepata lifti. Mlango ukafunguliwa nusu, ukatoka mkono wenye noti mbili za dola moja moja zilizokunjwa kwa urefu, namna ile ile watu wanavyokunja noti za kumtunza mwimbaji wa taarabu, na mkono wa pili ukaleta chupa ya maji iliyotoka barafuni, inatiririka jasho. Akanitazama usoni. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kama anayemsomea mgonjwa hati ya mirathi: usikate tamaa. Mlango ukafungwa na pikapu ikaondoka.

Usikate tamaa! Mimi! Niliyemfungia sahani ya tatu! Akanitazama usoni, wanajukwaa, usoni kabisa, sura ileile iliyomuuliza kama aongezewe kachumbari.

Makopo nikaenda nayo, maana sikuona sababu ya kurudi nayo nyumbani baada ya kudhalilishwa kwa ajili yake, nikalipwa dola 2.40. Bremen yangenipa euro 12. Kwa maneno mengine, leo kutwa nzima sadaka imekaribia kulingana na jasho langu.

Binti Pangani:

Pole sana kaka yangu. Nimesoma kwa uchungu mkubwa, na nimelazimika kutoka sebuleni ili watoto wasinisikie ninavyocheka. Lakini nina swali moja dogo. Umetueleza namna noti zilivyokunjwa, namna chupa ilivyokuwa inatoka jasho na hata kachumbari ya Idi, ila hukutueleza kama hizo dola mbili ulizipokea au ulizikataa.

Baharia Mstaafu:

Naunga mkono swali la Binti Pangani, na ninaongeza kwamba mleta mada amekwisha kujijibu mwenyewe. Koti lenye kofia, kiroba begani, soksi ndani ya sandali, na amesimama kwenye taa bila kuvuka wakati barabara ni tupu. Ndugu yangu, katika kona hiyo anayesimama bila kuvuka ni mwenye kibao cha kuomba msaada peke yake. Halafu ujue kwamba tangu Januari 2023 sheria ya California inamkataza polisi kukusimamisha kwa kuvuka ovyo isipokuwa kama unajitia katika hatari ya wazi ya kugongwa, kwa hiyo ulikuwa unailinda sheria ambayo wenyewe wameshailegeza. Mimi kwa jinsi ninavyokusoma ningekupa dola tano.

Mjukuu wa Ngamiani:

Hoja si kupokea au kutopokea. Hoja ni kwamba alinitazama usoni. Na nilisema tangu mwanzo kwamba soksi zisiwe mjadala.

Kiti cha Nyuma:

Wanajukwaa, nilikuwa nimeamua kukaa kimya, lakini uongo ukinyamaziwa huota mizizi. Mimi nilikuwa ndani ya ile pikapu, kiti cha nyuma, upande wa dirisha. Ni kweli kwamba mzee hakumtambua, kwa sababu miwani yake ya mbali aliiacha msikitini tangu Ijumaa, na jambo hilo peke yake linapaswa kututia hofu zaidi ya hizo dola mbili, maana ndiye aliyekuwa anaendesha. Mimi nilimtambua mleta mada kwa soksi. Sikusema kitu kwa sababu ninadaiwa naye dola arobaini tangu mwezi wa tatu, na sikuona kama pale kwenye taa ndipo mahali pazuri pa kuanzisha mazungumzo. Kuhusu swali la Binti Pangani, alizipokea. Alizipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema ahsante.

Mjukuu wa Ngamiani:

Mikono miwili ni malezi! Mtu mzima akikunyooshea kitu unakipokea kwa mikono miwili na unashukuru, ndivyo tulivyofundishwa, na mkono hausubiri kichwa kimalize kufikiri. Nilipomaliza kushukuru ndipo nikaelewa nilichoshukuru. Wewe wa kiti cha nyuma nitakuja kwako kesho kwa ajili ya ile arobaini, na nitakuja kwa miguu.

Baharia Mstaafu:

Akija kwako mpe na chupa tupu.

Shangazi wa Marseille:

Wanangu, mnalilia dola mbili zilizoingia mfukoni, mimi ninalilia zinazotoka. Mimi ni Mngazija wa Marseille, nimefuata mume hapa mwaka wa pili sasa, na hadi leo sijazoea nchi ambayo bei iliyoandikwa kwenye rafu si bei utakayolipa. Ulaya kodi imo ndani ya bei, ukiona tisa unalipa tisa. Hapa jana nilihesabu sarafu zangu vizuri, senti moja moja, dola 9.99 kamili za sabuni na mkate, nyuma yangu kuna watu saba, nikazipanga mbele ya keshia kama kete za bao. Binti akaniangalia kwa huruma akaniambia bado kodi ya sabuni, asilimia 7.75. Nikaurudisha mkate rafuni. Na mkate wenyewe bora niliurudisha, maana ni mtamu kama visheti, mtu unapaka siagi unajiona umepaka keki.

Mkazi wa Aarhus wa Zamani:

Shangazi, angalau wewe uliondoka dukani na heshima yako. Nilitoka Denmark, ambako kisheria mfanyakazi ana majuma matano ya likizo yenye malipo kwa mwaka, na mwezi Julai nchi nzima hufunga milango. Nimeomba kwa bosi wangu hapa majuma matatu mfululizo ili nikamwone mama Kigoma. Hakukasirika. Aliniuliza kwa upole, huku akifunga mlango wa ofisi, kama nina ugonjwa ambao ningependa kumweleza. Sheria ya taifa hapa haimlazimishi mwajiri kukupa hata siku moja ya likizo yenye malipo, na nilipomwambia hivyo shemeji yangu wa Copenhagen alidhani ninamtania. Nimepewa siku tano. Kufika tu Kigoma kutoka huku ni siku mbili na nusu, nikishuka nimsalimu mama nikiwa nimesimama.

Mswahili wa Leicester:

Na bahari je? Mbona hakuna anayeisema bahari? Mimi nimekulia Mombasa, nikaishi Leicester miaka ishirini bila kuona hata mwambao, nikakubali kazi hapa kwa sababu ya ile picha ya ufuo mmoja tu. Siku ya kwanza nikaenda La Jolla, jua linawaka, nikaingia mbio kama mtoto aliyefunguliwa shule. Kumbe kuna mkondo wa maji baridi unaoteremka kutoka kaskazini na kupita hapo hapo. Sauti niliyoitoa iliwafanya hata sili waliolala juu ya miamba wageuke. Waliomo majini wote walikuwa wamevaa nguo za mpira hadi vidoleni, nami nikadhani ni mapambo.

Binti Pangani:

Kaka wa Leicester, hilo tuliambiana mwaka jana. Shangazi, mkate usio na sukari upo, nenda kwa Wavietinamu palepale El Cajon Boulevard, wanaoka mirefu kama ya kwenu Marseille, na asubuhi na mapema unakuta bado ni ya moto.

Shangazi wa Marseille:

Binti, Mungu akuzidishie. Ni upande gani wa barabara, na wanapokea sarafu?

Mjukuu wa Ngamiani:

Ninaomba turudi kwenye mada. Alinitazama usoni.

Mkazi wa Aarhus wa Zamani:

Samahani kwa kuingilia kati, lakini kwa kuwa pikapu nyeupe imetajwa, kuna mwenye kujua kama mzee ana nafasi wiki ijayo? Ninahamia Normal Heights na nina kochi la watu watatu.

Kiti cha Nyuma:

Wiki ijayo ana nafasi siku zote isipokuwa Jumanne asubuhi. Jumanne anampeleka mtu kwenye mtihani wa kuendesha, kwa sababu ofisi ya leseni haimpi mtahiniwa gari, ni lazima aje na gari lenye bima pamoja na mwenye leseni wa kumsindikiza. Aliahidi siku ya Idi baada ya sahani ya pili, na leo garini, tulipokwisha kuvuka zile taa, alikuwa anatusimulia jinsi anavyomhurumia huyo mdogo wake wa Ulaya asiye na gari.

Baharia Mstaafu:

Aisee.

Mjukuu wa Ngamiani:

Wewe wa kiti cha nyuma, mwambie miwani aifuate msikitini kabla ya Jumanne. Na umuulize tunaondoka saa ngapi.