Hesabu za kichwani zinapoachiwa simu

Muuza nafaka, Kibuye, Kisumu
Hamjambo. Ninauza maharagwe sokoni, nikisaidiwa na vijana wawili waliomaliza kidato cha nne. Mteja akinunua gorogoro tatu za shilingi 280 kila moja na kutoa noti ya 1,000, hawawezi kumpa chenji ya 160 bila kufungua kikokotoo cha simu. Mama jirani yangu, aliyeachia shule darasa la nne, huitaja papo hapo huku mikono yake ikiendelea kupima. Je, uwezo huu hupotea kwa kukosa kutumiwa, na waweza kurudi?

Mwalimu wa hisabati, Kakamega
Hurudi. Katika shule ya msingi walikokotoa wenyewe. Kisha sekondari kikokotoo kikaruhusiwa hata katika mtihani wa KCSE, na mazoezi yakakatika. Usiwanyang'anye simu. Waambie wataje jibu kwanza, ndipo walihakikishe. Tena waonyeshe njia, kwa maana wengi hukwama kwa kujaribu kuzidisha kichwani kama wafanyavyo kwenye karatasi: 280 iko karibu na 300, mara tatu ni 900, ondoa 60, unabaki na 840. Muuzaji mzoefu hata hatoi 840 kwenye 1,000, bali hupanda kutoka 840 hadi 900, kisha hadi 1,000, akihesabu noti na sarafu mkononi mwa mteja.

Msomaji, Nakuru
Nakubaliana na Mwalimu, na ningependa kuongeza kwamba hata marubani hupatwa na jambo hili. Mwaka 2009 ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka katika Atlantiki, wakafa watu 228. Barafu ilikuwa imeziba vipima mwendo, mtambo wa kujiendesha ukajizima, na marubani wakashindwa kuidhibiti ndege kwa mikono. Mwaka 2013 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilishauri mashirika yawape marubani nafasi zaidi za kurusha ndege wenyewe, hali ikiruhusu.

Muuza nafaka, Kibuye, Kisumu
Asanteni sana. Jumapili soko hufurika na foleni haingoji mtu afikirie, kwa hiyo siku hiyo simu itatumika. Siku nyingine watataja jibu kwanza, na nimemwomba yule mama awasikilize.