Programu zinatangaza "kete saba", lakini hakuna anayesema kwamba hifadhidata zake zinataka terabaiti 18

Wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa nimeudhika, na sioni sababu ya kuficha. Programu ya kuchambulia sataranji niliyoinunua ilitangazwa kwa herufi kubwa kwamba inasoma hifadhidata za miisho ya mchezo, yaani pale zinapobaki kete chache ubaoni, hadi kete saba. Kusoma, inasoma. Ambacho tangazo halikugusia hata kwa nukta ni kwamba hifadhidata zenyewe haziji pamoja na programu, kwamba mnunuzi ndiye atakayehangaika kuzipakua, na kwamba zile za kete saba za mfumo wa Syzygy zinachukua takriban terabaiti 18. Kompyuta nyingi za majumbani hazina nafasi hiyo hata ukifuta kila kilichomo, pamoja na mfumo endeshi wenyewe. Huku ni kumuuzia mtu mlango na kumwacha agundue mwenyewe kwamba nyumba haimo katika bei.

Kwa wasiozifahamu, hifadhidata hizi hutengenezwa kwa kuanzia pale mfalme alipokwisha kufungwa na kuhesabu kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi kila mpangilio uwezekanao wa kete chache zilizobaki ujulikane kwa hakika kuwa ni ushindi, sare au kushindwa. Wafalme wawili nao huhesabiwa, kwa hiyo "kete tano" ni wafalme pamoja na kete nyingine tatu tu. Hapo hakuna kukisia, na ndiyo maana kila mchambuzi anazitamani.

Tatizo linaanza pale unapoongeza kete moja. Faili zote za Syzygy za kete tatu hadi tano hazifiki hata gigabaiti moja. Zinaingia kwenye simu bila mtu kujua kuwa zimo. Za kete sita ni gigabaiti 150 hivi. Za kete saba ndizo hizo terabaiti 18. Kila kete inayoongezwa inazidisha ukubwa zaidi ya mara mia moja, kwa sababu kete hiyo inaweza kukaa karibu katika kila mraba uliobaki wazi, na pia inaweza kuwa ya aina yoyote na ya upande wowote. Mipangilio halali ya kete saba inazidi trilioni 423. Wanaokadiria za kete nane wanazungumza kwa petabaiti, yaani maelfu ya terabaiti, na tayari nimeona watu wakiuliza zitatoka lini!

Naomba nieleweke vizuri: sina ugomvi na watengenezaji wa hifadhidata hizi. Eugene Nalimov alipotupatia zake, za kete sita zilihitaji zaidi ya terabaiti moja. Ronald de Man akaja mwaka 2013 na Syzygy, akaubana mzigo huo hadi gigabaiti 150. Hifadhidata za Lomonosov, zilizokokotolewa mwaka 2012 kwa kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Moscow, zilikuwa terabaiti 140 kwa kete saba, ilhali Syzygy ya kete hizo hizo, iliyokamilika mwaka 2018, ni sehemu ndogo ya ukubwa huo. Nafuu hiyo ina gharama yake, kwani Lomonosov inakuambia zimebaki hatua ngapi hadi mfalme afungwe, ilhali Syzygy inakuambia tu nani anashinda na umbali hadi kete iliwe au askari asogezwe, yaani hadi hesabu ya kanuni ya hatua 50 ianze upya (zikipita hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, mchezo ni sare). Ndiyo maana injini, yaani ile sehemu ya programu inayokokotoa hatua, ikifuata Syzygy peke yake wakati mwingine humtoa malkia bure ili tu hesabu irudi sifuri. Nakubali kasoro hiyo kwa moyo mmoja, maana bila hiyo tusingekuwa na cha kupakua.

Hasira yangu ni kwa wauzaji wa programu, na kwa wanajukwaa ambao kila anayeuliza swali wanamjibu "pakua tu zote, diski siku hizi ni rahisi". Hebu tuangalie "zote" ni nini. Miisho ya kete sita ina michanganyiko 365, na kila mchanganyiko una faili mbili, moja ya matokeo na nyingine ya umbali. Kati ya michanganyiko hiyo, 70 ni ya mfalme aliye peke yake dhidi ya mfalme mwenye kete nne. Imo hata ile ya malkia wanne dhidi ya mfalme mtupu. Nani katika dunia hii anahitaji kumbukumbu ya kudumu ya kumfundisha namna ya kushinda akiwa na malkia wanne? Mtu atasema nizifute. Nimezitazama: matokeo yake karibu yote ni ushindi, kwa hiyo zimebanwa zikawa ndogo mno, na ukizifuta hupati nafasi ya maana. Uzito uko katika michanganyiko inayokaribiana nguvu na yenye askari, ambayo ndiyo tunayokutana nayo mezani.

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Chukua mwisho wa ngome na askari wawili dhidi ya ngome na askari mmoja, ambao hakuna mchezaji wa mashindano asiyewahi kuteseka nao. Ni kete saba. Ungedhani utachukua faili zake mbili na kuondoka, lakini haiwezekani. Askari akiliwa, unahitaji michanganyiko ya kete sita inayofuata. Askari akifika mwisho wa ubao, unahitaji mchanganyiko wa kete saba wenye malkia na ngome upande mmoja, kisha ule wa mpinzani naye akipata malkia, bila kusahau kwamba askari anaweza kugeuzwa kuwa ngome, askofu au farasi. Zaidi ya hayo, faili za matokeo za Syzygy zimebanwa kwa kudhani kwamba msomaji ataangalia kwanza ulaji uliopo ubaoni, kwa hiyo zile za kete chache zikikosekana, hata hii uliyo nayo haisomeki ipasavyo. Na faili ya umbali haifai kitu bila ya matokeo. Ulifuata uzi mmoja, umevuta fundo zima.

Programu nayo haisaidii. Faili ikikosekana haitoi onyo. Inaendelea kuchambua kana kwamba hakuna kilichopungua, na dalili pekee ni kile kihesabu cha usomaji wa hifadhidata kinachobaki sifuri pembeni mwa skrini, ambacho wengi hawajui hata kazi yake. Faili ikiwa imeharibika wakati wa kupakuliwa, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu injini inaweza kuzimika katikati ya uchambuzi. Watengenezaji wa Stockfish, injini ya sataranji ya bure, wanashauri waziwazi kwamba kila faili ihakikiwe baada ya kupakuliwa. Muuzaji wangu hakushauri lolote.

Halafu kuna wanaosema nunua diski kubwa ya kawaida, ile ya sahani zinazozunguka. Faili za umbali zinaweza kukaa huko bila hasara, kwa kuwa injini huzisoma mwisho ukiwa tayari uko ubaoni. Faili za matokeo zinasomwa mara nyingi mno wakati injini inapekua matawi, na kila usomaji ukisubiri sahani izunguke, injini inakwenda kwa mwendo wa kobe. Hizo zinataka diski ya SSD, isiyo na sahani. Kwa hiyo shauri la "diski ni rahisi" linahusu ile diski isiyofaa kwa nusu ya kazi.

Ushauri wa mwisho ninaotarajia ni kwamba nitumie huduma za mtandaoni, kama ile ya tovuti ya sataranji ya Lichess ambayo ni ya bure na inajibu hadi kete saba. Ninaitumia na ninaiheshimu. Inafaa ukiwa na mpangilio mmoja unaotaka kuuliza, lakini haiwezi kuhudumia injini inayotaka kuuliza maswali maelfu kwa sekunde, na tangazo la programu yangu lilihusu injini.

Na faida yenyewe ni ipi? Injini za leo zenye mitandao ya neva (aina ya akili bandia) zinacheza miisho vizuri kiasi kwamba nguvu zinazoongezwa na hifadhidata hizi ni ndogo sana. Thamani yake ni uhakika: kujua kwamba mpangilio huu ni sare kweli, si makadirio. Hata uhakika huo una mipaka, maana mwaka 2006 Marc Bourzutschky na Yakov Konoval walionyesha mwisho wa kete saba, malkia na farasi dhidi ya ngome, askofu na farasi, unaohitaji hatua 517 kabla ya kete kuliwa. Chini ya kanuni ya hatua 50, ushindi huo mezani ni sare.

Ninachodai ni kidogo. Muuzaji yeyote anayetaja kete sita au saba aandike papo hapo ukubwa wa faili na aina ya diski inayotakiwa. Programu iniambie kwa maneno ni faili gani inakosekana. Na iwepo sehemu ambapo ninachagua mwisho mmoja, tuseme huo wa ngome na askari, nikaonyeshwa orodha kamili ya faili unazozitegemea na jumla ya gigabaiti zake kabla sijaanza kupakua. Kama kuna mwenye programu inayofanya hivyo tayari, ataje jina lake hapa chini. Anayetaka kuniambia "pakua zote" aanze kwa kutueleza yeye amezihifadhi wapi.