Wakati wa korona 2020 ulipata usaidizi wa pesa wapi? Tupeane uzoefu

MwanaSoko:
Leo kuna mtu ameongea kwa redio juu ya ile kafyu ya saa moja jioni nikakumbuka vile watu walihangaika. Kafyu ilianza 27 Machi, Aprili Nairobi ikafungwa hutoki huingii, na kodi ya nyumba ikaendelea kuitishwa kila mwezi. Wewe ulisaidika wapi? Ile pesa iliyofika mkononi, si ile ya kusikia kwa taarifa.

Mwalimu_Jirani:
Nilikuwa nafunza shule ya kibinafsi. Shule zikafungwa katikati ya Machi, mwenye shule akasema hakuna karo hakuna mshahara. Wakati huo serikali imeondoa PAYE, ile kodi ya mshahara, kwa anayepata hadi 24,000 kwa mwezi, na wenye kazi walisaidika kweli, lakini mimi mshahara wenyewe haukuwepo, sasa utaniondolea kodi gani? VAT, kodi ya bidhaa, ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kwa duka la mtaani kwetu sikuona bei ikisonga. Kilichonishika mkono ni chama chetu cha akina mama cha kuchanga pesa. Tulikubaliana mzunguko usimame, pesa ya dharura itumike, mwenye mgonjwa atangulie, wengine wanunuliwe unga na mafuta. Hadi Januari 2021 shule zikifunguliwa kabisa, ni hao akina mama walikuwa wametubeba.

Brayo_wa_Stage:
Chama. Hapo sina la kuongeza.

MamaRobota:
Acheni niwaambie ya mitumba. Nilikuwa nimechukua mkopo wa benki Januari nikijua Pasaka nguo za watoto hutoka, mwisho wa Machi serikali ikapiga marufuku kuingiza mitumba na marufuku ikakaa hadi Agosti, robota zilizobaki mjini zikapanda bei, wateja hawana kitu, na benki inataka marejesho yake kama kawaida. Nikasikia Benki Kuu ilitangaza 18 Machi kwamba kama mkopo wako ulikuwa unalipwa vizuri kufikia tarehe 2 Machi na korona imekubana, uende benki mpangiwe upya, na gharama za kupanga upya zibebwe na benki. Nikaenda. Kijana wa kaunta ananiambia kuna ada, tena ameiandika kwa kalamu pembeni ya fomu. Nikamwambia mwanangu, tangazo ndilo hili, nimelichapisha saiba, soma mstari huu. Akaingia ndani akatoka na meneja, meneja akasoma amesimama, akaikata ile ada kwa kalamu ileile. Nikapewa miezi ya kupumua. Lakini sikizeni wadogo zangu, riba haikulala. Ile miezi sikulipa iliendelea kuhesabiwa, na mwishowe nimelipa zaidi ya hesabu ya kwanza. Bado nasema afadhali, maana mali yangu haikupigwa mnada na jina langu halikupelekwa CRB, kule huandikwa wasiolipa mikopo.

Hesabu_Kali:
Mama kwa heshima zote, huo si usaidizi. Umelipa zaidi alafu unashukuru? Ningeuza mali yote nimalizane na benki.

MamaRobota:
Ungemuuzia nani Aprili 2020, mwanangu? Soko la mitumba la Gikomba kwenyewe watu walikuwa wanaangaliana.

Hesabu_Kali:
Bei ya hasara pia ni bei.

Brayo_wa_Stage:
Wewe hujawahi kuuza hata soksi, mwache mama.

Mpishi_Asubuhi:
Nimesoma hapa roho ikarudi nyuma. Hoteli nilikuwa napikia ilifungwa, nikamwomba mwenye nyumba anivumilie. Mei akaja na fundi jioni, wakang'oa mlango, wakapanda juu wakatoa mabati mawili, yale ya juu ya kitanda. Mke wangu alikuwa na mtoto hajamaliza mwezi. Na mvua inakuja unaiona. Nikitoka barabarani kafyu na polisi, nikibaki mtoto ananyeshewa.

Shiru_K:
Wueh. Ikawaje?

MwanaSoko:
Mtoto alikuwa sawa??

Mpishi_Asubuhi:
Alikuwa sawa, namshukuru Mungu. Jirani alitupokea, familia mbili chumba kimoja. Kesho yake akatuma namba yangu kwa ploti yote na kwa watu wa kanisani. Si mnakumbuka kutuma kwa simu hadi 1,000 ilikuwa bure? Zikaanza kuingia mia, mia mbili, mia tatu, majina mengine hata siyajui. Hizo ndizo zililipa mwezi wa kwanza mahali pengine.

Sheria_Mtaani:
Na alichofanya huyo mwenye nyumba ni kosa. Nyumba ya kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi kuna baraza lake la kesi za kodi. Hang'oi mlango kwa kujiamulia.

Shiru_K:
Saa kumi na mbili jioni, mvua, kafyu. Baraza gani liko wazi?

Sheria_Mtaani:
Unapiga picha jioni hiyo, unaenda kesho. Nyamaza hivyo na atamfanyia mwingine.

Dada_wa_Mtaro:
Mimi Kazi Mtaani, vile vibarua vya serikali vya vijana, ilinisaidia, awamu ya pili tulikuwa tunalipwa 455 kwa siku kuzibua mitaro na kufyeka. Pesa ilikuja kwa simu, si kwa mkono wa mtu. Ile nyingine ya serikali ya msaada wa elfu moja kwa wiki, kwetu kama hujulikani na anayeandika majina anaruka mlango wako. Nyanya naye alikuwa na ile pesa ya serikali ya wazee wa miaka 70 na zaidi, elfu mbili kwa mwezi, na hiyo elfu mbili ilikuwa inalisha nyumba nzima.

Brayo_wa_Stage:
Na zile meseji za "umechaguliwa, tuma 200 ya usajili"! Ukiambiwa utume kwanza, huyo ni mwizi.

Kijana_Sacco:
Wenye akiba sacco, ule ushirika wa akiba na mikopo, walitoa? Wengine wananiambia nitoe zote.

Hesabu_Kali:
Toa, ni jasho lako.

Mwalimu_Jirani:
Usitoe. Kutoa zote ni kujiondoa uanachama, unangoja notisi ya siku 60, na kama umemdhamini mtu hawakuachilii. Omba mkopo mdogo wa dharura.

Shiru_K:
Na mtu akikwama na benki leo, bila korona, wanaweza kumpangia upya?

MamaRobota:
Wanaweza, lakini hakuna wa kuwalazimisha. Nenda kabla hujaruka mwezi hata mmoja. Beba rekodi za mauzo, uliza riba itahesabiwa vipi, na usitoke na jibu la mdomo, wakuandikie.