Epicurus na Zeno, nani alijua kuishi vizuri?

Kijana wa Ngamiani
Wakuu habari za humu. Nasoma habari za wale Wagiriki wa kale kuna kitu kinanisumbua. Epicurus anasema raha ndo lengo la maisha, Zeno na watu wake wa Stoa, yaani shule yake ya falsafa, wanasema tabia njema ndo kila kitu, mali na afya haviongezi chochote. Sasa mjomba wangu mvuvi huku Sahare kaibiwa mashine ya boti na watoto wanasoma, nimwambie mashine si kitu? Au atafute raha? Kuna kaka kibarazani kanijibu Epicurus ni wa kula bata tu, sikuridhika.

Bint Chumbageni
Pole kwa mjomba, ndugu yangu. Huyo wa kibarazani hajamsoma. Epicurus alifungua bustani yake ya kufundishia Athens kama mwaka 306 KK, wanawake walikuwemo, watumwa walikuwemo, na chakula chao mkate na maji, tena inasimuliwa alimwomba rafiki yake kijungu cha jibini ili siku akitaka kufanya karamu afanye. Karamu yenyewe hiyo jibini! Raha anayosema yeye ni mwili usiumwe na roho isiwe na hofu, basi. Njaa na kiu vina kikomo, ukila umeshiba, ila tamaa ya sifa na vyeo haina pa kuishia na hiyo ndo inayotutesa. Alikufa 270 KK kwa mawe kwenye njia ya mkojo, maumivu makali mno, na bado akamwandikia rafiki yake barua kwamba furaha ya kukumbuka mazungumzo yao inasimama dhidi ya maumivu yote yale. Mla bata gani anaandika hivyo? Mi simkubali mahali pamoja tu, aliwaambia wenzie wakae mbali na siasa. Mtaro wa mtaa ukiziba na sote tuko bustanini nani ataenda kwa mwenyekiti?

Nahodha Mstaafu
Zeno hasara aliijua mwanangu. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Citium kisiwani Cyprus, na wanasimulia meli yake ilizama na shehena ndo akaishia Athens kwenye falsafa. Stoa hawamkatazi mjomba kutafuta mashine nyingine, mali kwao ni ya kupendelewa, aitafute, ila isiwe ndo kipimo cha utu wake. Mwizi kuja au kutokuja hakuko mikononi mwake, yeye kutokwenda kuiba ya mwenzie kuko mikononi mwake.

Msomaji wa Raskazone
Mi nipo na Aristotle, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki. Alisema wazi wema wenyewe unataka nyenzo, utamsaidiaje mtu huna kitu? Na anayedai mtu aliye kwenye mateso ana furaha kisa ni mwema, kwake huyo anaongea upuuzi.

Kijana wa Ngamiani
Shukran sana, Bint na mzee wangu Nahodha mmenifungua. Ila Msomaji hapo kwa Aristotle nikuulize, si kaugawa urafiki mara tatu, wa faida, wa raha na wa wema? Wavuvi wenzie wameanza kumchangia mjomba, na mwenye boti mmoja anatoka naye baharini mpaka apate mashine, na wote wanajua zamu yao inaweza kuja. Huo atauweka wapi?